Suti ya Marehemu

Hamduni alimvisha marehemu suti nyeusi kwenye kompyuta, kama alivyowavisha wateja wote wa studio yake. Akaunganisha tabaka za picha zikawa moja, akahifadhi juu ya picha ile ile aliyoletewa, akaifunga.

Mjane, Bi Nyamizi, akaja kuitazama. "Mwanangu, suti ya nini? Mrudishie shati lake. Nililishona mwenyewe kwa mkono."

Hamduni akaifungua tena picha; shati halikuwemo tena. "Mama, huna picha nyingine?"

"Hakupenda kupigwa picha. Ni hiyo tu."

Hamduni akaikagua, hadi akaona shingoni, pembeni mwa suti, chembe ya buluu ya shati iliyosalia.

"Hapo," akasema Bi Nyamizi. "Kuza hapo hapo."

Akakuza. Buluu ikaenea kioo kizima, ikawa miraba mitupu. Bi Nyamizi akaipapasa, akitafuta mshono.