Picha Iliyobaki

Ilibaki picha moja tu, na baba mdogo wa bwana harusi alikuwa ameshaegemea tena Peugeot yake.

"Binti wa kamera! Piga hapa. Ile nyingine nilifumba macho."

Mzee alikuwa amelipia filamu moja, tena nusu bei kwa kuwa Spès ni mwanagenzi wa upigaji picha, na filamu karibu yote ilikuwa imejaa sura yake. Kumkatalia mbele ya wageni, Spès hakuthubutu.

Kando ya kreti za bia, nyanya wa bibi harusi alikuwa akitengeneza mshanana wake, vazi la sherehe lifungwalo begani. Asubuhi alikuwa amemnong'oneza Spès, "Mwanangu, sijawahi kupigwa picha. Usinisahau."

Kidole gumba cha Spès kikapapasa nyuma ya flashi, kikakuta kile kitufe kidogo cha kujaribia taa. Akabonyeza. Mwanga ukaruka, lakini filamu haikusogea.

"Sasa hiyo ndiyo picha!" mzee akasema, akijifuta jasho.

"Asante, mzee," Spès akajibu, akageuka.

"Nyanya, ni zamu yako."

Nyanya akasimama wima, akafumba macho kwa nguvu, akingoja mwanga.

Spès akatabasamu, naye akangoja.