Shimo la Mdako

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alimaliza kutusomea shairi la watoto wanaocheza mdako uani kwao, wakirusha kete moja juu na kuzoa nyingine shimoni, akauliza maana yake. Hakungoja.

"Utoto umepita, sasa tufanye kazi. Andikeni hivyo."

Sikuandika. Ua wangu uko kijiji cha zamani, tulikoondolewa kwa lori mwaka jana, nyumba zikiezuliwa huku tunatazama.

"Mama Mwanahawa, mbona huandiki?"

"Shairi halisemi hivyo, mwalimu."

"Linasema nini?"

Nilipiga magoti, nikachimba sakafu ya udongo kwa penseli niliyogawiwa. Ncha ilipovunjika nikaendelea kwa kucha, hadi shimo likatosha kiganja. Nikafungua pindo la kanga, nikamimina humo korosho nilizookota uani kwangu asubuhi ile ya lori.

"Linasema shimo letu liko palepale. Nyumba mliziezua. Shimo je, mlilipakia?"

Mwalimu alichungulia dirishani. "Fukia, mama, tafadhali. Katibu kata anakuja kukagua darasa."

Nilibakiza korosho moja mkononi.

"Na aje," nikasema. "Mwambie atacheza baada yangu."

Nikairusha juu.