Siku Wahunzi Walipoombewa Kushindwa

Mrushaji wa Wahunzi alipowaachia wapinzani alama ya nne, uwanja mzima ulisimama kushangilia. Na waliokuwa wakishangilia ni mashabiki wa Wahunzi wenyewe.

Lorraine alipanda juu ya kiti chake cha plastiki. Kofia yake ya timu ilikuwa imepauka mpaka buluu imegeuka kijivu.

"Aibu! Aibu tupu! Watu wazima mnashangilia kupigwa nyumbani kwenu?"

"Shuka, bibie," akasema Dwight, mwanamume wa kiti cha jirani, huku akipaka haradali kwenye soseji yake. "Unatuharibia sherehe."

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Wahunzi na Mbweha walikuwa wanagombea mkia, na Mbweha walikuwa wameshindwa mchana ule ule kwenye uwanja mwingine. Wahunzi wakishindwa nao, mkia ni wao. Wakishinda, mkia ni wa Mbweha. Na katika besiboli anayeshika mkia ndiye anayetangulia kuchagua kijana amtakaye katika nchi nzima.

Mwaka ule hakuna aliyeuliza ni kijana gani. Wade Hutchins alikuwa bado anasoma sekondari, lakini mpira anaourusha ulisemekana husikika kabla haujaonekana. Jina lake lilikuwa kwenye mabango, kwenye mashuka ya kitanda, hata kwenye tumbo la bwana mmoja mnene aliyevua shati akajipaka rangi.

"Wa-de! Wa-de!" waliimba.

"Sikiliza nikufundishe, dada," Dwight akasema, mdomo umejaa. "Timu mbovu haijengwi kwa kushinda mechi moja ya kipuuzi. Unauza wazee wote. Unakubali kupigwa miaka miwili, mitatu. Unakusanya watoto wenye vipaji, unawalea, unasubiri. Ni subira tu."

"Miaka mitano mnajenga. Nyumba iko wapi?"

"Matofali bado hayajatosha."

"Matofali!" Lorraine akamgeukia, uso umemwiva. "Pruitt alikuwa tofali? Mlimpandisha timu kubwa ana miaka kumi na tisa, mkamrushisha kila alipoamka, mpaka kiwiko kikachanika. Leo anauza magari, na mkono haunyanyuki hata kuchana nywele. Na Delgado? Bega limekatwa na kushonwa mara ngapi? Mnasema mnalea! Mtu anayelea viazi havifukui kila asubuhi kuangalia kama vimekua!"

Watu wa safu ya nyuma wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Dwight, umepata mke!"

"Ninaye mmoja, ananitosha kwa kelele," Dwight akajibu. Kisha akamwambia Lorraine, sasa bila mzaha, "Ya Pruitt ilikuwa bahati mbaya. Huyu Wade ni mwingine. Huyu ni chuma."

"Ana miaka kumi na saba. Hakuna chuma cha miaka kumi na saba."

"Basi kama anatuogopa, si akatae?"

"Akatae nini? Pesa wanazompa kijana wa kwanza, katika nyumba ya watu wa kawaida, nani atazikataa?" Akanyoosha kidole kwenye vioo vya juu, walikokaa wakubwa wa timu na glasi zao. "Na wale pale wanalijua hilo! Mbweha angalau warushaji wao huwapandisha polepole. Wale pale wanachoma tu. Wakimaliza mmoja, mwingine!"

Raundi ya tisa, ya mwisho, ikafika, Wahunzi nyuma kwa alama moja, nne kwa tatu. Wakimbiaji wao wawili walikuwa wamesimama vituoni, wengine wawili wameshatolewa. Akitolewa mmoja tu, mechi imekwisha. Aliyetoka na rungu alikuwa Macias, mzee wa timu, magoti yamefungwa bandeji, na kila mtu alijua kesho hana kazi.

Walimzomea. Kikombe cha bia kikarushwa, kikapasuka karibu na miguu yake.

"Kosa, babu!" Dwight akapiga kelele. "Kosa uende ukapumzike!"

"Piga, Macias!" Lorraine alilia peke yake. "Wakomeshe! Piga, ndugu yangu, piga!"

Macias alikosa mpira wa kwanza. Uwanja ukanguruma. Akakosa wa pili; akikosa wa tatu, ametolewa. Dwight akaanza kukunja bango lake kama mtu aliyemaliza kazi.

Mpira wa tatu aliupiga chini chini, ukapenya kati ya walinzi, ukabingirika mpaka kona ya ukuta. Mkimbiaji wa kwanza akafika kituo cha nyumbani, wakawa sare. Wa pili akaja anaserereka kwenye vumbi, mwamuzi akafungua mikono. Salama. Tano kwa nne, Wahunzi wameshinda.

Kukawa kimya kama wametangaziwa kifo. Macias akasimama kituoni, kofia mkononi, akitafuta katika viti vile vyote ni nani anayempigia makofi.

"Umefurahi?" Dwight akafoka. "Wade anakwenda kwa Mbweha! Miaka kumi tutakula vumbi! Wewe si shabiki wa timu hii, wewe!"

"Nimeipenda timu hii kabla hujaota ndevu," Lorraine akasema. Sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo mtupu.

Akateremka ngazi huku wakimzomea. Mtu mmoja alimpiga bega makusudi. Mwingine alimtemea karanga. Hakugeuka. Alipita mabango yaliyotupwa chini, akavuka uwanja wa magari mpaka mwisho kabisa, kwenye gari la zamani lililoegeshwa mbali na taa.

Ndani, kijana mrefu aliyevaa kofia mpaka kwenye nyusi alizima redio, akaondoa miguu yake kwenye usukani, akanyoosha mkono kumfungulia mlango.

"Mama, sauti yote umeiacha humo ndani?" akauliza Wade Hutchins.