Birika Linalotafuta Kifuniko

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na redio ya nyumbani kwa Mbwana ilikuwa imezimwa tangu mazishi, pale muziki uliposikika kutoka chumbani kwa Tunu, bintiye aliyezikwa. Somoe, dada yake Mbwana, akauacha ubani ukiwaka na kuingia mbio.

Akamkuta kaka yake sakafuni, simu mkononi, anatazama katuni. Birika lenye miguu ya kuku lilikuwa likizunguka jikoni, likiimba kwa sauti ya puani kwamba limepotelewa na kifuniko.

"Kaka! Msibani hapapigwi muziki. Watu wako nje pale, watasemaje?"

"Ni kikatuni chake," Mbwana alisema. "Alikiokota sijui wapi, mji mzima hakuna anayekijua. Nilikuwa nikimwambia ni upuuzi, basi ndiyo kwanza anakirudia."

Hata hivyo akaizima sauti. Birika likaendelea kuimba kimya, mdomo wazi, mvuke ukilitoka. Kisha likasimama, likawakazia macho na kungoja. Hapo mtazamaji ndiye anayeitikia badala ya kifuniko, na siku zote aliyeitikia alikuwa Tunu, hata akiwa bafuni, nyumba nzima ikamsikia.

Mbwana akafumba macho asilione birika likikosa jibu.

"Niko chini ya meza," Somoe akaimba kwa kunong'ona, kwa sauti ileile ya puani.

Mbwana alipofumbua macho, birika lilikuwa limeinama linachungulia chini ya meza, na Somoe ameinama nalo, mtandio wake ukiburuzika sakafuni.