Taa Kumi na Mbili za Glenys

Balbu mpya ya kwanza ilipowaka, Malcolm Tregear alirudi nyuma hatua moja akaziba pua, ingawa mwanga hauna harufu.

Alikuwa ndani ya gari lake la kulala, lenye kitanda, jiko na choo humo humo, ambalo huliegesha nyuma ya ghala la mkulima mmoja huko Devon. Vioo vyote vilikuwa vimezibwa kwa mapazia mazito ili jua lisichubue viti. Alikuwa ameng'oa balbu ya halojeni juu ya jiko, mojawapo ya zile za zamani zinazounguza vidole na kunyonya betri, akachomeka ya LED. Mwanga wa njano aliouzoea ukaondoka, ukaja mweupe usio na huruma.

Ukuta wa jiko ulikuwa umevaa mafuta. Hayakuwa matone, yalikuwa utando wa rangi ya nta ya sikio, uliotiririka ukaganda, na ndani yake mlikuwa na nzi watatu na ngozi ya samaki wa moshi. Malcolm mwenyewe hula samaki hao kila asubuhi akiwa safarini, lakini yeye ni mtu mwenye adabu zake.

"Neville," alisema kwa sauti. "Nguruwe wewe."

Neville ni mume wa dada yake, Glenys. Wiki tatu zilizopita Malcolm aliwaazima gari hili waende nalo Wales juma zima, kusherehekea miaka arobaini ya ndoa yao. Aliwapa ufunguo pamoja na kurasa mbili za masharti: viatu nje, kukaanga marufuku, sinki lifutwe kila mara. Mtu haazimi gari lake la kulala hivi hivi. Afadhali aazime mswaki. Waliporudi Glenys alimshukuru mno.

"Tulilala vizuri sana, Mal," alisema, akamkabidhi boksi la taa kumi na mbili za LED. "Zibadilishe zote. Utaona tofauti."

Tofauti aliiona. Chini ya taa ya pili, juu ya kitanda, foronya ilikuwa na madoa ya mate yaliyopandana, mapya juu ya makuukuu. Pembeni mwa zulia kulikuwa na vipande vya kucha za miguu, vinene, vya manjano. Chini ya taa ya tatu, bafuni, kuvu nyeusi ilikuwa imepanda ukuta hadi usawa wa kiuno, na kwenye tundu la maji akavuta kwa koleo bonge la nywele nyeupe lililolowa na kunuka. Neville ni kipara, kwa hiyo zilikuwa za Glenys. Alisikitika kidogo kuona dada yake amezeeka kiasi hicho, na rangi nyekundu yote ile anayopaka kichwani.

Akaenda kukaa kwenye kiti cha dereva apate hewa. Kiti kilimfaa vizuri kama kawaida, miguu yake mifupi ikafikia pedali bila kukivuta mbele. Alichukua daftari la safari, ambalo kila mwenye gari la kulala hujaza alikolala na alikopita. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwandiko wake mwenyewe, wa Oktoba.

"Hata daftari hawakujaza! Kweli asante ya punda ni mateke."

Kwa miaka thelathini na moja Malcolm alikuwa mkaguzi wa majiko ya mikahawa. Aliwahi kufunga hoteli kwa mende mmoja. Tangu mkewe, Hilary, afariki miaka miwili iliyopita, kila Jumapili hula mezani kwa Glenys, na katika wiki nzima hicho ndicho chakula pekee anachokula akiwa na mtu wa kuzungumza naye. Sasa angekulaje kwa watu wa namna hii? Wazo hilo lilimuumiza, lakini kinyaa kilikuwa kikubwa kuliko maumivu.

Akafanya kama alivyofanya kazini. Alimalizia kuchomeka taa zote kumi na mbili, akakwangua, akachota, akatia kila uchafu ndani ya mfuko wake na kuandika tarehe. Ilikuwa Jumapili. Saa saba mchana aliingia kwa Glenys bila kubisha, akaipanga mifuko tisa mezani, kati ya nyama ya oveni na bakuli la mchuzi.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "na sijaona uchafu kama huu. Kucha! Kwenye zulia langu!"

Neville aliweka uma chini, akageuza uso mbali na mifuko. "Glen, mwambie."

"Nyamaza, Neville."

"Aniambie nini? Kwamba shemeji hajafundishwa kunawa? Hilary angeyaona haya angelia. Leo ndiyo mwisho. Kwenye meza hii sili tena!"

"Glen, mwambie, la sivyo namwambia mimi!"

Glenys aliinua mfuko wa nywele kwa ncha za vidole viwili. Akautazama, akamtazama kaka yake kichwani, penye nywele nyeupe, kisha akauweka mbali na viazi.

"Kaa, Mal. Chakula kinapoa."

"Sikai!"

"Hatukulala humo," alisema taratibu. "Tulifungua mlango, tukaufunga, tukaenda zetu hotelini. Neville alitaka tukuambie siku ile ile. Mimi nikamwambia hapana, nitamnunulia taa."