Orodha ya Maduka Kumi na Moja

"Wewe ndiye jaji, au mfagia theluji?"

Mortimer Zelnik aliinua kichwa, koleo mkononi. Chini ya ngazi za nyumba yake, pale Brooklyn, alisimama mwanamke asiyemjua, wa miaka kama thelathini, bila glavu.

"Tangu nistaafu, yote mawili," alijibu. "Kwa hii kazi ya pili, angalau majirani hunishukuru."

Mwanamke hakucheka. "Naitwa Noreen Mulvey. Binti wa Con Mulvey."

Koleo liligota kwenye jiwe. Robo karne iliyopita, Zelnik aliongoza tume iliyochunguza rushwa ya polisi jijini. Askari arobaini walifukuzwa kazi. Mmoja, Con Mulvey, alifia gerezani, na huyo ndiye aliyemnyima jaji usingizi tangu siku ile.

"Ingia ndani, binti. Utaganda."

"Sikuja kunywa kahawa, Mheshimiwa. Nimekuja kukusamehe. Lakini kwanza uniambie nani alimchongea baba."

Kukusamehe. Zelnik alilisubiri neno hilo miaka yote.

"Mashahidi tuliwaahidi siri," alisema taratibu.

"Usinizungushe, mzee. Orodha ya tume yako nimeisoma. Maduka kumi na moja aliyochukulia bahasha za rushwa, yamepangwa vile vile alivyokuwa akiyapitia. Jumamosi alinishika mkono tukazunguka wote. Kwa Mgiriki napewa halua, kwa kinyozi pipi, wananiita Sajini Mdogo. Nani mwingine aliijua njia ile? Ni Anko Dugan, mwenzake wa doria. Ndiye, siyo? Yuko hospitali anakata roho, kila siku ananiita, na mimi sijakanyaga."

"Siyo Dugan. Nakuapia. Nenda ukamwone, leo hii."

"Basi nani?"

Zelnik alivitazama vidole vya Noreen, vyekundu kwa baridi. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Mimi," alisema. "Niliwafuata kwa gari langu. Jumamosi tatu."

"Ulituona?" Sauti yake ilishuka. "Ulimwona amenishika mkono?"

"Niliwaona."

"Na ukaendelea kuandika."

"Nikaendelea."

Noreen alimkazia macho mpaka mzee akainamisha uso.

"Nilikuja na msamaha mfukoni," alisema. "Narudi nao."

Akavuka barabara, akashika njia ya hospitali. Zelnik aliliinua koleo lake, akarudi kufagia theluji.

Con Mulvey, alipowekewa orodha ile mezani, aliisoma mara moja tu. Papo hapo akakiri mashtaka yote, bila wakili, akamwomba jaji ahadi moja: Noreen asijue kamwe.

Maana wote wawili walimjua aliyeisema: mtoto wa miaka mitano, aliyekalishwa juu ya meza ya jaji wakati mama yake akihojiwa chumba cha pili, akataja duka baada ya duka kwa vidole vyake, halua kwanza, pipi baadaye, kwa sababu mzee mmoja mpole alimuuliza Jumamosi huwa anapewa nini, na wapi.