Pengo la Pofu

Pofu alirithi kwa baba yake uwanda wa kando ya mto, uliozungukwa na ua wa miiba, pamoja na kiti katika baraza la wanyama. Kila kiangazi Mama Ngiri alikwenda barazani kuomba njia katika ua huo. Wanawe walilazimika kuzunguka jabalini ili wafike majini, na jabalini alikaa Chui.

"Babu yangu aliuacha ua hivi," Pofu alijibu kila mara, "nami nitauacha hivi."

"Na angekuachia kikohozi, mzee, ungekitunza?" Kima aliuliza kutoka mtini.

"Nitarudi, bwana mkubwa," alisema Mama Ngiri.

Mwaka ambao Chui alimla mwanawe mmoja, Mama Ngiri hakwenda barazani. Alikwenda uani, akang'oa miiba mpaka pakawa na pengo.

Pofu aliposikia, alitoka barazani mbio kwenda kuliziba. Njiani Chui akamtokea. Lango lilikuwa mbali, basi Pofu akapenya kwenye pengo. Mama Ngiri akasimama nyuma yake, meno mbele, mpaka Chui akageuka.

Baraza lilipokutana tena, Mama Ngiri alikuja tayari kwa ugomvi. Pofu akawahi kusimama.

"Pengo lile ni la kale," alisema. "Mababu zangu walipita pale. Atakayeliziba atakutana na pembe zangu."

Kima akafumbua kinywa. Mama Ngiri akauvuta mkia wa Kima uliokuwa ukining'inia kutoka mtini.

"Nyamaza wewe," akamnong'oneza. "Watoto wanakunywa."